Sombe na Unga wa Muhogo: Thamani ya Lishe ya Mmea Mmoja
Nchini Kongo, Rwanda na Burundi, muhogo huliwa kwa namna mbili: mizizi husagwa kuwa unga, na majani hutwangwa kuwa sombe. Unga huo karibu wote ni wanga. Protini yake haifikii gramu 3 katika gramu 100. Majani mabichi, ingawa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, yana takribani gramu 7, pamoja na kalsiamu, madini ya chuma na karotini, ambayo mwili huifyonza vyema zaidi yakipikwa kwa mawese. Vitamini C hupotea kwa wingi katika kuchemsha, lakini kutwanga na kuchemsha huko ndiko kunakoondoa sianidi.

Hata hivyo, sombe pekee haitoshi. Protini yake ina upungufu wa asidi amino zenye salfa, ambazo mwili huzihitaji ili kuidhibiti sianidi inayosalia katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango, huwapata hasa watoto na wanawake wa kaya zinazotegemea muhogo huo pasipo samaki wala nyama. Dagaa wachache ndani ya sombe, na siku tatu za kuloweka mizizi badala ya moja, havionekani katika takwimu za tani za mavuno.