Lori Linalotembea Juu ya Reli

Likizo iliyopita nilisimama na mdogo wangu karibu na Tororo, pale barabara inapokata reli. Likaja lori polepole, likasimama katikati ya njia ya treni. Mdogo wangu akapiga kelele, "Limekwama!" Kumbe sivyo. Utingo alishuka akaweka kabari kwenye matairi. Kisha chini ya lori yakashuka magurudumu manne ya chuma, kila moja lina ukingo kama la gari moshi. Punde si punde likaenda zake juu ya reli, limebeba mataruma na mafundi wa njia.

Wasomaji wapenzi, zamani kazi hiyo ilikuwa ya kiberenge, nacho hakitoki njiani ila kibebwe. Lori hili hutoka penye kivuko, likapisha treni.

Magurudumu yale hushushwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, kama yale yanayoinua tipa. Katika nchi zenye reli pana, za mita 1.435, matairi ya nyuma yaweza kukanyaga reli na kusukuma lori, na chuma huliongoza tu. Lakini reli yetu ya zamani ya Uganda na Kenya ina upana wa mita 1, na matairi ya lori huachana zaidi ya hapo. Basi lori huinuliwa lote, matairi yakaning'inia, na magurudumu ya chuma huzungushwa kwa mota yao wenyewe.

Mdogo wangu akauliza, "Sasa linasimamaje?" Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta. Breki za kawaida hushika matairi. Yakiwa hewani, ni bure. Lazima magurudumu ya chuma yawe na breki zake. Tena wakati wa kuinuliwa, breki za matairi zikiachia kabla zile za chuma hazijashika, penye mteremko lori hukimbia lenyewe, maana chuma juu ya chuma huteleza mno.

Huko Tebay, Uingereza, tarehe 15 Februari 2004, kigari cha kupakia vyuma vya reli kiliteremka gizani kikaua mafundi 4 waliokuwa kazini mbali kule chini. Breki zake zilikuwa zimeondolewa nguvu, kikazuiwa kwa vipande vya mbao tu.

Nami siku ile, nilipomwona yule utingo akihangaika na kabari zake, nilidhani anatupotezea wakati.