Damu, Dawa na Wavu wa Ngozini

Katika Rombo yetu ya Kajiado, mtoto wa Kimaasai hujua mapema kwamba damu ya ng'ombe ikiachwa kibuyuni huganda. Ndiyo maana hukorogwa kwa kijiti ingali na joto. Nyuzi hujisokota kwenye kijiti, na inayobaki haigandi tena. Nyuzi hizo ni faibrini, ndizo zinazoziba jeraha. Zikijifuma ndani ya mshipa usio na jeraha, huvimbisha mguu au huleta kiharusi.

Dawa inayotumiwa kuzuia kuganda huko ni warfarini. Haiyeyushi damu, ingawa wengi husema hivyo. Huzuia ini kutumia vitamini K kuandaa vigandishi vya damu. Habari zake zilianzia zizini. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na Marekani walivuja damu hadi kufa kwa kula majani ya klova yaliyovunda. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link debe la damu isiyoganda. Utafiti ulioanzia hapo ulizaa warfarini: 1948 ikiwa sumu ya panya, 1954 ikiwa dawa ya binadamu.

Sasa tuje kwenye wavu wa ngozini. Wenye ugonjwa wa kuganda damu ulioelezwa na daktari Graham Hughes wa London mwaka 1983 huweza kuota michoro ya wavu mapajani na mikononi, kwa kuwa damu hupita kwa shida. Vitabu vingi huuonyesha kwa rangi ya zambarau. Kwenye ngozi yetu huwa kahawia iliyoiva, na huonekana vyema juani kuliko ndani ya nyumba.

Lakini mama anayeota moto kila siku naye hupata wavu kama huo, upande ule tu wa mguu unaoelekea mafiga. Huo ni wa joto, hauhitaji warfarini. Kwa hiyo nasihi: usianze wala kuacha kidonge kwa sababu ya doa. Mwambie daktari kama mimba zimekutoka mara kwa mara, au umepata kiharusi ungali kijana. Kingamwili za ugonjwa huo wa Hughes zikionekana kwenye kipimo cha damu, kipimo hurudiwa baada ya wiki 12.

Anayemeza warfarini apimwe INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Kwa wengi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Sukuma wiki na managu ale, ila kwa kiasi kile kile kila wiki. Vidole vya miguu vikigeuka zambarau, aende hospitali siku hiyo hiyo. Naye aliyekosa hedhi aseme mapema: warfarini humdhuru mtoto miezi ya mwanzo ya mimba, na daktari humhamishia mama sindano za heparini.