Anayepinga njia ya baiskeli si adui

Wadau, kila nikigusia njia za baiskeli hapa Dodoma, kijiwe kinawaka moto. "Barabara zenyewe finyu, halafu unataka kuzimega tena!" Zamani nilikuwa napandisha sauti, tunaachana tumenuna na hakuna aliyebadilika. Siku hizi nafanya hivi.

1. Jua kwanza anaogopa nini. Mwenye duka Majengo anaogopa mteja kukosa pa kupaki. Wa boda anaogopa kufukuzwa kijiweni, mama lishe anaogopa meza yake kuvunjwa. Hawa hawachukii baiskeli, wanalinda riziki. Ukianza na hotuba ya mazingira umempoteza. Muulize, "Mzee, wateja wako wanakujaje?" Kaeni dukani nusu saa mhesabu wote. Mkikuta wengi wana magari, basi ana hoja, kubali mjadili maegesho. Mkikuta wengi wanakuja kwa miguu, hiyo ni hesabu yake mwenyewe, sio ya semina.

2. Kubali lililo kweli. Dar njia za baiskeli zilijengwa pembeni ya mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza kazi Mei 2016. Kuna sehemu pikipiki zilijipitia humo na wengine wakapanga bidhaa. Kwa hiyo mtu akisema "zitageuka njia za boda", usibishe. Mwambie ndiyo maana tunataka ukingo wa zege, nguzo fupi na eneo maalumu la boda kupaki. Hapo hoja yake imekuwa sharti la ujenzi, na yeye amekuwa mwenzako.

3. "Baiskeli ni umaskini." Hii ndiyo nzito. Mtu kapiga pedali na madumu ya maji au magunia ya mkaa miaka kibao ndipo akanunua pikipiki. Ukimwambia arudi kwenye baiskeli unamtukana. Usimwambie arudi. Mwambie njia ni ya mwanae anayetoka shule, na ya fundi anayetoka Nkuhungu kwenda kibaruani alfajiri. Tena sio wazo la kuletewa leo. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, mpango kabambe wa 1976 ulichora mji wa watu kwenda kwa miguu na kwa basi, sio mji wa magari binafsi.

4. Takwimu moja inatosha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Mwonyeshe wa boda kwamba yumo humo humo. Anayegongwa ni yeye pia.

Kwa nini tuhangaike sasa? Dodoma imekuwa jiji tangu Aprili 2018, na barabara zinaendelea kujengwa. Lami ikishamwagwa bila nafasi ya baiskeli, kuja kuibomoa ni gharama. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA, lakini mkutano wa mtaa ni wetu sote. Nendeni na huyo mnayebishana naye, mkae benchi moja.

Mnaonaje wadau? Hasa ninyi mnaopinga, karibuni. Nawasikiliza.