Maji ya Moto kwa Nguvu ya Jua: Kikwazo ni Malipo ya Kwanza

Katika vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, moto huwashwa kabla ya alfajiri. Vyombo vya maziwa havitakati kwa maji baridi, kwa kuwa mafuta hushikamana na kuta zake, na maziwa yatakayomiminwa humo huchachuka kabla ya kufika kiwandani. Hivyo chama hununua kuni au hulipia umeme mwaka hata mwaka, na gharama hiyo ni nadra kuulizwa mkutanoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kupasha moto lita 100 za maji kutoka digrii 20 hadi digrii 60 huhitaji karibu uniti 5 za umeme. Kwa meko ya mafiga matatu, ambayo huweza kupoteza sehemu tisa katika kumi za joto lake, kazi hiyo hula kilo 10 hivi za kuni kavu. Chama kitumiacho lita 200 kila siku huteketeza zaidi ya tani 7 kwa mwaka. Wakati huo huo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kila mita moja ya mraba ya paa la kituo hupokea kutoka juani joto la uniti 5 hivi kwa siku. Sanduku la mita mbili za mraba likinasa nusu tu ya joto hilo, lita 100 zimepatikana.

Yafaa ieleweke kwamba hita ya maji ya jua si sawa na vibao vya kutoa umeme wa taa, ingawa vyote hukaa juu ya paa. Hita haitoi umeme. Ni sanduku lenye bamba jeusi lililounganishwa na mabomba membamba, aghalabu ya shaba; juu yake pana kioo, na chini yake tabaka la kuzuia joto lisitoroke. Maji yakipata joto ndani ya mabomba huwa mepesi, hupanda yenyewe mpaka kwenye tangi lililowekwa juu zaidi ya sanduku, na maji baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala mashine ya kuharibika. Tangi likiwa limefunikwa vizuri, maji ya jana jioni huwa bado ya moto asubuhi, saa ile hasa ambapo maziwa hupokewa.

Ikiwa jambo ni jepesi kiasi hiki, kwa nini hita hizi ni chache katika nchi zinazoendelea, ambazo nyingi zina jua kuliko Ulaya? Jawabu ni kwamba mnunuzi wa kuni hulipa kidogo kidogo, bali mnunuzi wa hita hutakiwa kulipa kwa mara moja gharama ya joto la miaka kumi na mitano ijayo. Mwenye kipato cha mwezi kwa mwezi hana fedha hizo, hata akijua kwamba mwishoni angepata faida. Sheria peke yake haiondoi tatizo hili. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka juani. Lakini kanuni haimpi mtu fedha mfukoni.

Nchi ya Tunisia inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ilijaribu njia mbili. Katika miaka ya 1990 ilitumia fedha za msaada kutoka nje kupunguza bei ya hita kwa asilimia 35. Watu walinunua, fedha za msaada zilipokwisha, biashara ikaanguka. Mwaka 2005 ukaanzishwa mpango mwingine, ulioitwa PROSOL. Ruzuku ilibaki, lakini ndogo zaidi. Jipya lilikuwa mkopo wa benki wa miaka mitano, uliolipwa kidogo kidogo ndani ya hati ya umeme ya kila nyumba, shirika la umeme na gesi likiwa mkusanyaji. Katika miaka michache makumi ya maelfu ya nyumba zilipata hita. Jua halikuwa limeongezeka. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Vyama vya ushirika vina chombo cha aina hiyo hiyo tayari, nacho ni makato katika malipo ya maziwa, kahawa au chai. Chama kinachokata gharama ya pembejeo kinaweza kukata pia gharama ya hita. Hata hivyo tofauti moja isifichwe. Shirika la umeme laweza kumkatia umeme asiyelipa, ilhali mwanachama mwenye deni aweza kupeleka maziwa yake kwa mchuuzi wa barabarani na kukiachia chama mzigo wa benki. Kwa hiyo ni busara chama kianze na hita ya kituo chake chenyewe, ambayo akiba yake ya kuni inaonekana kwenye daftari, kabla ya kuwakopesha wanachama. Na wakikopeshwa, wawe na wadhamini.

Ahadi za wauzaji nazo zipimwe. Kwa kawaida hita hufikisha maji digrii 60 hivi, wala si kuchemka. Palipo na lazima ya maji ya kuchemka, kuni zitapungua lakini hazitaisha. Katika majira ya baridi na mawingu ya nyanda za juu, mwezi wa Juni na Julai, meko ya zamani yatahitajika tena, na asiyabomoe mtu. Penye umande wa kuganda, maji huweza kugandia ndani ya mabomba na kuyapasua, na huko hufaa aina ambayo kimiminika kisichoganda huzunguka kwenye mabomba badala ya maji yenyewe. Hita za mirija ya kioo ni rahisi kwa bei, lakini mirija mikavu iliyopata jua la mchana ikimiminiwa maji baridi hupasuka. Ijazwe asubuhi na mapema. Maji yenye chokaa huziba mabomba membamba pole pole.

Kabla ya kupeleka shauri hili kwenye halmashauri, katibu apime kuni za kituo kwa mizani ya chama kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, aandike lita za maji yaliyopashwa moto, na bei iliyolipwa. Muuzaji aulizwe ni nani atakayebadilisha kioo kikivunjika, na fundi huyo anakaa umbali gani.