Siku na Saa Isiyojulikana: Namna ya Kusoma Unabii wa Nyakati za Mwisho

Mwaka wa Liturujia unapoelekea ukingoni, katika majuma yanayoitangulia Sherehe ya Kristo Mfalme, Mama Kanisa hutusomea masomo yenye kutisha: jua kutiwa giza, nyota kuanguka, hekalu kubomolewa. Huku Ufipa masomo hayo hutufikia mwezi Novemba, mkulima akiwa anatazama mawingu na kutayarisha mbegu ya mahindi. Ndio wakati ambapo simu za waamini nazo hupokea sauti za wahubiri wanaotaja mwaka, na pengine mwezi, wa mwisho wa dunia. Mwamini anayeuliza kama kuna haja ya kupanda mwaka huu anastahili kujibiwa, wala asichekwe.

Mahubiri ya namna hiyo si mageni katika nchi yetu. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Vita vilikuwa vimewachukua vijana wengi kuwa wapagazi, chakula kilikuwa kimechukuliwa na majeshi, na mafua makali ya mwaka ule yalikuwa yakiua watu. Miezi michache tu baadaye, mwaka 1919, wahubiri wa Kitawala walitangaza katika eneo hilohilo kwamba ulimwengu huu umefikia kikomo chake. Wengi waliamini, wakakataa amri za machifu na za maofisa wa kikoloni, wengine wakafungwa. Mahubiri hayo yalivuka mpaka hata yakafika Ufipa. (Haki itendeke: wahubiri hao walijiongoza wenyewe, wala hawakuwa chini ya usimamizi wa chama cha Marekani ambacho jina lao lilitokana nacho.) Ni rahisi kuwaita watu wale wajinga. Lakini ambaye amezika ndugu zake na kuona ghala lake tupu hahitaji kushawishiwa sana ili aamini kwamba mambo yamekwisha.

Mfano wa pili unatugusa Wakatoliki kwa uchungu zaidi. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi lililojitenga, wengi wao wakiwa wamelelewa katika Kanisa letu na mmoja akiwa padre aliyesimamishwa huduma, walidai kupokea ujumbe wa Bikira Maria. Waliwafundisha wafuasi wao kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo. Mwaka ukapita, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la sala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walifunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Basi Kanisa linatufundisha kusoma namna gani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum, namba 12, unatutaka tutafute kwanza mwandishi mtakatifu alikusudia kusema nini, na kwa mtindo gani wa uandishi. Kitabu cha Ufunuo kiliandikwa kwa mtindo wa maono na mafumbo, kwa Wakristo wa Asia Ndogo waliokuwa chini ya utawala wa Roma. Mnyama na Babeli vilikuwa na maana kwao kabla ya kuwa na maana kwetu. Hesabu ya 666, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania. Si namba ya kitambulisho wala ya kadi ya benki. Ile miaka elfu ya sura ya 20, Mtakatifu Augustino aliielewa kuwa ni wakati wa Kanisa, na Katekisimu, namba 676, inakataa fundisho lolote linaloahidi utimilifu wa ufalme ndani ya historia hii.

Katika sura ya 13 ya Marko yameunganishwa mambo mawili: kuanguka kwa Yerusalemu, kulikotimia mwaka 70 kwa mikono ya Warumi, na ujio wa Mwana wa Mtu. Asiyetenganisha hayo mawili atapotea njiani. Tena katika sura hiyohiyo, aya ya 32, Yesu anasema kwamba siku ile hakuna aijuaye ila Baba. Kwa hiyo anayetaja tarehe, hata akiwa na Biblia mkononi na rozari shingoni, anadai kujua jambo ambalo Injili inasema halikufunuliwa.

Hii haimaanishi kwamba Bwana hatarudi. Tunaikiri imani hiyo kila Dominika, na Katekisimu, namba 673, inasema ujio huo uko karibu. Ila Mtume Paulo aliwakuta Wathesalonike ambao, kwa kuingoja siku hiyo, baadhi yao walikuwa wameacha kazi na kula vya wenzao. Hakuwapa hesabu ya miaka. Aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Gaudium et Spes, namba 39, inakaza jambo hilohilo: kungoja nchi mpya kusipunguze bidii yetu ya kuitunza hii tuliyo nayo. Kwa Mfipa anayefukia majani ndani ya intumba ili ardhi ipate rutuba ya msimu ujao, agizo hilo halina ugumu wa kueleweka.

Juma moja baada ya Kristo Mfalme huanza Majilio. Katika Mwaka B Injili ya Dominika hiyo ya kwanza huendelea palepale, aya ya 33 hadi 37: mtu anasafiri, anawaachia watumishi nyumba yake, kila mmoja na kazi yake, na bawabu anaagizwa akeshe.