Isata Kanneh-Mason na Jumamosi za Nottingham

Uingereza ilipofungwa kwa sababu ya korona, Machi 2020, kumbi za muziki nazo zilifungwa. Isata Kanneh-Mason, mpiga piano wa Nottingham aliyekuwa na miaka 23, alitarajiwa kupiga koncheto ya tatu ya Beethoven katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Onyesho likafutwa. Akarudi kwa wazazi wake, ambako wadogo zake sita walikuwa wamefungiwa pia, na wote ni wanamuziki. Wadogo wakashika sehemu za orkestra, dada mkubwa akakaa kwenye piano, wakarusha muziki ule mubashara kupitia Facebook kutoka nyumbani. Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki, bure, kwa yeyote mwenye simu.

Mwaka ule nilikuwa wodini, zamu za usiku mfululizo. Saa tisa za usiku, kwenye mapumziko, nilikuwa naweka kisikilizio sikio moja tu, la pili nikiliacha kwa ajili ya kengele za wagonjwa, nawasikiliza. Sikujua lolote kuhusu Beethoven. Kwetu Tanga kila chombo chenye vibonyezo huitwa kinanda, kiwe cha taarabu au cha kanisani, na tulikijua kama kitu cha kusindikiza waimbaji. Mtu mmoja kukaa nusu saa anapiga peke yake na watu wametulia tuli, hilo lilikuwa geni kwangu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia safari yake, na kila nikisoma zaidi naona kwamba kinachoonekana kwenye simu ni sehemu ndogo sana ya habari.

Mama yao, Kadiatu, alizaliwa Sierra Leone. Baba yake alikuwa mwenyeji wa huko, mama yake Mwelisi. Baba alipofariki, familia ikahamia Wales. Mume wa Kadiatu, Stuart Mason, alizaliwa London na wazazi kutoka Antigua. Ni familia ya watu waliovuka bahari, kama zetu. Kadiatu alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Birmingham, na watoto walipoongezeka akaacha kazi. Watoto saba, shule za serikali, na kila Jumamosi kuamka kabla ya alfajiri kuwahi treni ya London, karibu kilomita 200, kwenda kwenye masomo ya vijana ya Royal Academy of Music, kisha kurudi usiku. Hayo ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake, House of Music, kilichotoka 2020, na hafichi kwamba pesa zilikuwa finyu.

Naomba tusiipite haraka hiyo treni. Wazazi wengi ughaibuni wakiona video ya mtoto Mweusi akipiga piano husema, "Ana kipaji, Mungu kamjalia." Sibishi. Lakini kipaji hakinunui tiketi. Palikuwa na mzazi aliyeacha mshahara wake, na palikuwa na ufadhili: Isata aliposoma chuo hicho hicho cha London alikuwa na ufadhili wa Elton John, na mwaka 2013 walipanda jukwaani pamoja mjini Los Angeles.

Albamu yake ya kwanza, Romance, ilitoka Julai 2019 na kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya muziki wa klasiki Uingereza. Yote ni ya mtunzi mmoja, Clara Schumann, Mjerumani aliyezaliwa 1819. Huyu mama ninampenda kwa sababu zangu. Alianza kutunga koncheto yake akiwa na miaka 13, akaipiga hadharani akiwa na 16. Baadaye akazaa watoto wanane, mume akaugua na kufariki 1856, naye akawa anasafiri mji kwa mji akipiga piano ili watoto wale. Wauguzi wenzangu mnaotuma pesa nyumbani kila mwezi mtamwelewa bila maelezo. Kwa miaka mingi tungo zake zilipigwa kwa nadra. Julai 2024 Isata aliipiga koncheto ile katika usiku wa ufunguzi wa tamasha la BBC Proms, katika ukumbi uleule wa Royal Albert Hall.

Mtandao una kero zake. Wakati wa korona wapiga muziki wa klasiki wengi walikuta video zao zimenyamazishwa, kwa kuwa programu za kukagua hakimiliki zilidhani wanarusha rekodi ya kampuni fulani, wakati Beethoven amefariki tangu 1827 na tungo zake hazina mwenyewe. Hilo ni dogo. Mapema 2024 mdogo wake Isata, Sheku, mpiga chelo ambaye wengi walimwona kwenye harusi ya Harry na Meghan mwaka 2018, alisema redioni kwamba wimbo wa Rule, Britannia! huwafanya baadhi ya watu wajisikie vibaya. Akamwagiwa matusi ya kibaguzi mitandaoni. Mzazi anayemfungulia mtoto chaneli alipime hilo pia. Kwangu mimi, mtoto wa miaka tisa hana haja ya kusoma maoni ya watu asiowajua.

Nasema wa miaka tisa kwa sababu ninaye. Mwaka jana binti yangu aliniomba ajifunze piano. Baba yake akauliza, "Halafu ale nini?" Bibi yake kwa simu kutoka Tanga akacheka hadi akakohoa: "Umempeleka mtoto Ulaya akapige kinanda?" Swali la baba yake silidharau. Sisi tuliofika huku kwa diploma na kusoma tena digrii tunajua cheti chenye kazi ndani yake kina thamani gani.

Nikaulizia. Kwa mlioko Uingereza: kila eneo lina huduma ya muziki inayopata fedha za serikali, na mara nyingi hukodisha ala kwa bei nafuu na kupunguza ada kwa familia zenye kipato kidogo. Anzeni kwa kuuliza shuleni. Mtoto akifika mbali, vyuo vikubwa vina masomo ya Jumamosi London, Manchester na Birmingham, na upo mpango wa serikali wa kusaidia ada kulingana na kipato cha wazazi, uitwao Music and Dance Scheme. Piano si lazima iwe kubwa. Tulinunua ya umeme iliyotumika, yenye vibonyezo 88 vizito, tukaibeba na jirani yetu Mghana hadi ghorofa ya pili.

Somo lake liko Jumamosi asubuhi. Zamu ya Jumamosi hulipwa zaidi, na pesa ile ya ziada ndiyo niliyokuwa nikimtumia mdogo wangu wa Muheza kwa ada ya chuo. Tumekaa, mimi na mume wangu, tukapiga hesabu mara tatu. Sasa nafanya Jumamosi mbili kwa mwezi, na hizo mbili baba mtu ndiye anayempeleka. Hukaa kwenye korido na gazeti lake. Wiki iliyopita aliniuliza kama yule binti wa Nottingham atapiga lini tena karibu na kwetu.