Mgeni na Kirangozi Wake

Mkipita Ujiji penye kumbukumbu ya Dakta Livingstone, mtawaona wageni waliotoka mbali. Mbele yao hutangulia kijana wa kwetu. Huwaonyesha miembe, huwaeleza jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, kisha huwateremsha pwani ya ziwa wakatazame dagaa walioanikwa mchangani. Zamani za misafara, mtu wa kutangulia hivyo aliitwa kirangozi.

Basi hutokea mgeni akampenda kirangozi wake. Msicheke. Mtu aliye ugenini ni kama mtoto: hajui lugha, hajui njia wala bei ya sokoni. Huyu kijana ndiye ulimi wake na macho yake. Ndiye anayemfundisha kuitikia “Mwakeye”, na kumshika mkono apande mashua ya Gombe pale Kibirizi. Nani asiyempenda amwondoleaye hofu? Na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Lakini yafaa kukumbuka jambo moja. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kirangozi hampi mgeni wake jembe kamwe. Kwake kila siku ni siku ya kwanza: uso mkunjufu, maneno laini, subira. Huo si uongo, ni kazi yake, naye hulipwa kwayo. Mgeni naye huonyesha uso wa mapumziko. Hana shamba la kupalilia wala mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kila mmoja anampenda mwenziwe wa siku mbili, wala hajamwona yule wa siku ya tatu.

Yuko aliyeingia katika siku hiyo ya tatu. Mwaka 1986 Corinne Hofmann wa Uswisi alikuja Kenya kutembea. Huko Mombasa akamwona kijana wa Kisamburu, akampenda papo hapo. Kijana hakuwa kirangozi wa kazi, lakini habari ni ile ile. Mama huyu aliacha biashara yake kwao, akaolewa, akakaa Barsaloi, akafungua duka, akaugua malaria, akazaa binti. Hawakuwa na lugha moja ya kuelewana vema. Mwaka 1990 alirudi Uswisi pamoja na mtoto. Habari zake alizitia katika kitabu mwaka 1998. Hakukosa mapenzi wala ushujaa. Jembe lilikuwa zito.

Je, tuseme ndoa za namna hii haziwezekani? La, zipo zinazodumu. Ila zataka kupimwa. Wewe kijana unayeongoza wageni, ukipewa bakshishi, pokea na ushukuru. Ukipewa moyo wa mtu, usiupokee kama bakshishi. Kama humpendi, mwambie mapema kwa adabu, wala usimwache aondoke na matumaini ya bure. Kama wampenda, mngoje arudi pasipo safari ya kutembezwa. Mlete nyumbani ale ugali na migebuka, amsaidie mama kuchota maji, awaone wazazi wako wakigombana na kupatana. Nawe uulize kwao wanaishije.

Nanyi wazazi, barua yenye stempu ya Ulaya ikifika, msianze kuhesabu mabati ya nyumba mpya. Mwulizeni mwanenu swali moja tu: huyu mtu umemwona akiwa amechoka?